Mafumbo ya herufi 24: kufundisha kulinda siri kwa Kiswahili chenyewe

Mafumbo mengi ya kuvunja misimbo yaliyomo mtandaoni yametungwa kwa Kiingereza. Mwanafunzi huambiwa ahesabu herufi na aitafute E, maana E ndiyo inayoongoza katika lugha hiyo. Akiletewa ujumbe wa Kiswahili, hesabu hiyo haimfikishi popote. Kwetu inayoongoza ni A, tena kwa mbali, ikifuatwa na I, na karibu kila neno huishia na irabu. Tabia hizi za lugha ndizo zinazotoa siri nje. Kwa hiyo anayetaka kuwafundisha vijana wa skuli, wafanyakazi wa ofisini au wazee wanaotumia pesa za simu, iwe Unguja au Pemba, aanze na herufi zetu wenyewe.

Kipimo changu cha fumbo la mafunzo ni kimoja: livunjike kwa kosa lile lile linalovunja siri za watu kwenye simu na kompyuta. Fumbo linalovunjika kwa bahati, au kwa ujanja usio na mwenziwe katika matumizi ya kila siku, huburudisha lakini halimfundishi mtu kulinda chochote.

Gurudumu

Kiswahili hakina haja ya Q wala X. Ukiziondoa zinabaki herufi 24:

A B C D E F G H I J K L M N O P R S T U V W Y Z

Hii ni raha kwa anayetengeneza gurudumu la kufumbia, kwa sababu duara la nyuzi 360 linagawika kwa 24 bila baki. Kila herufi inapata nyuzi 15 kamili. Kwa herufi 26 kila kipande ni nyuzi 13.8 na kitu, na gurudumu la kuchora kwa mkono halikutani vizuri mwishoni.

Tumia kadibodi nyembamba, ya boksi la viatu au la sabuni. Ile nene yenye mawimbi ndani huchanika pembeni. Kwa bikari chora duara lenye nusukipenyo cha sentimita 6 na jingine la sentimita 4.5. Weka alama kila nyuzi 15 kwa kipima pembe, vuta mistari kutoka katikati, na uandike herufi ndani ya vipande, si juu ya mistari. Kabla ya kutoboa, yabane maduara yote mawili pamoja, dogo juu ya kubwa, utoboe mara moja. Ukitoboa moja moja vitovu havilingani: herufi zitakaa sawa upande mmoja na kupishana upande wa pili, na wachezaji watadhani wamekosea hesabu. Pini yoyote ya kichwa bapa inatosha, ncha uikunje nyuma na uifunike kwa gundi ya karatasi. Kikundi cha watu wanne kipate gurudumu moja. Wakizidi hapo wawili watakuwa wanatazama tu.

Duara kubwa ni herufi za wazi, dogo ni za fumbo, na ufunguo ni idadi ya hatua unazosogeza. Julius Caesar, jemadari wa Roma ya kale, alitumia hatua 3. Tukitumia 6, NENDA BANDARINI inakuwa:

UKUJG HGUJGYOUO

Kidokezo cha hatua 6 kila mtu wa hapa anacho kichwani: "Saa ya mkononi na saa ya mdomoni zimepishana." Ya mkononi inasema nane, ya mdomoni inasema mbili asubuhi.

Lakini kidokezo kiwe cha mwisho. Kwanza waachwe walivunje wenyewe, na hapa ndipo penye utamu. Wakihesabu watakuta U mara nne na G mara tatu. Watakimbilia kusema U ni A, watapata upuuzi. Sababu ni kwamba herufi 14 ni chache mno kwa hesabu; katika maneno haya mawili N imeizidi A. Hesabu ya herufi huanza kuaminika ujumbe ukifika herufi mia hivi. Kwa ujumbe mfupi mlango ni mwisho wa maneno. Neno la kwanza linaishia na G, la pili na O, na zote mbili lazima ziwe irabu. Kutoka G hadi O ni hatua 8. Kutoka A hadi I pia ni hatua 8. Basi jaribu G kuwa A na O kuwa I, na fumbo limefunguka.

Ipo alama nyingine ya kuwafundisha. C ya Kiswahili haisimami peke yake, daima inafuatwa na H. Kwenye fumbo refu, ukiona herufi moja ambayo kila inapotokea inaandamana na mwenzake yule yule wa hatua tano mbele, umeishika C. Kadhalika herufi mbili zinazofanana zikikaa pamoja ni irabu kwa uhakika mkubwa: saa, juu, hii, kaa.

Mbinu ya kuhesabu herufi ilielezwa kwa maandishi na mwanafalsafa Al-Kindi, Baghdad, katika karne ya 9. Ni vyema wanafunzi walijue hilo, hasa wale wanaotoka chuoni jioni na Kiarabu chao mkononi. Ila nashauri sana: aya zisitumike kama ujumbe wala kama ufunguo. Karatasi za mchezo huanguka chini na kukanyagwa.

Sasa kosa linalolingana na fumbo hili. Gurudumu lina funguo 23 tu, kwa sababu hatua ya 24 inakurudisha ulipotoka. Kikundi kinachogawana kazi humaliza zote 23 kwa dakika chache bila akili yoyote. Waulize hapo hapo: namba ya siri ya tarakimu nne ina uwezekano 10,000, lakini ukiweka mwaka wa kuzaliwa kati ya 1960 na 2009 umebakisha 50. Ukiweka siku na mwezi umebakisha 366. Na 1964 au 1201, mwaka na siku ya Mapinduzi, hapa Zanzibar mtu angeijaribu kabla ya kukaa kitako. Mfumo wa pesa za simu unakuokoa kwa kuifunga akaunti baada ya makosa machache. Faili lililofungwa kwa neno la siri halina mlinzi wa namna hiyo. Aliyelinakili anajaribu usiku kucha.

Kama una kufuli ya namba tatu, ionyeshe kwa vitendo. Namba 1,000, sekunde mbili kila moja: dakika 33 na boksi limefunguka bila kufumbua kitu. Ya namba nne ingechukua saa tano na nusu. Kwa sababu hiyo boksi la zawadi lifungwe kwa kufuli ya namba nne, vinginevyo kikundi chenye subira kitaruka mafumbo yote.

Tatizo litakalokusumbua kuliko yote ni simu. Wachezaji watabandika ujumbe kwenye tovuti ya kufumbulia, na tovuti hizo zinahesabu herufi 26. Ujumbe wetu ukirudishwa hatua 6 huko unatoka OEODA BAODASIOI. Herufi tisa ni sahihi na tano si sahihi, hivyo wataamini kwamba mwalimu amekosea kunakili. Waambie tangu mwanzo herufi ni 24 na uwape orodha mkononi. Usione kwamba unawarahisishia. Auguste Kerckhoffs, mtaalamu wa lugha na misimbo, aliandika mwaka 1883, mwaka ule ule lilipojengwa jumba la Beit el Ajaib hapa Unguja, kwamba mfumo mzuri unapaswa kubaki salama hata adui akiujua wote. Kinachofichwa ni ufunguo peke yake. Gurudumu lianikwe mezani. Siri ni zile hatua.

Kinyume

Mchezo wa kinyume ni wa zamani Zanzibar: silabi ya mwisho ya neno inaletwa mbele. Nenda inakuwa ndane, bandarini inakuwa nibandari, siri inakuwa risi. Ni tabaka zuri la pili kwa sababu halihitaji kalamu. Fumba kwa kinyume kwanza, kisha kwa gurudumu.

Wachezaji watadhani matabaka mawili ni ulinzi mara mbili. Waonyeshe kwamba silabi zetu ni za kuishia na irabu, kwa hiyo hata baada ya kinyume neno bado linaishia na irabu na ule mlango wa mwanzo uko wazi vile vile. Isipokuwa kwa maneno kama mtu na mti, ambako m ni silabi peke yake: yanageuka tum na tim. Na hilo nalo linavujisha, maana neno la herufi tatu linaloishia na konsonanti linataja silabi yake ya m lenyewe.

Dawa ni kuondoa nafasi na kuandika herufi kwa makundi ya tano tano. Hapo miisho ya maneno inatoweka na kazi inakuwa ngumu kweli. Ukifanya hivyo ujumbe uwe mrefu, la sivyo utawakatisha tamaa.

Ufunguo wa neno

Badala ya idadi moja ya hatua kwa ujumbe mzima, kila herufi ya neno la ufunguo inatoa hatua yake, na neno likiisha unaanza tena. Kwa kawaida A huhesabiwa hatua 0, B hatua 1, na kuendelea. Hili ndilo fumbo ninalolipenda kuliko yote kwa mafunzo, kwa sababu kosa lake halionekani mpaka ulifanye kwa Kiswahili.

Chukua ufunguo KARAFUU na ujumbe MELI IMEFIKA. Matokeo:

YEDINHZPICA

Linganisha herufi kwa herufi. Ya pili ni E, na kwenye ujumbe ya pili ni E. Ya nne ni I, sawa. Ya tisa ni I, ya mwisho ni A, zote sawa. Herufi nne kati ya 11 zimepita uchi, kwa sababu A ya ufunguo ni hatua sifuri, na Kiswahili kimejaa A. Mtu akichagua methali kwa kuwa ni ndefu, mambo yanazidi kuharibika: HARAKA HARAKA HAINA BARAKA ina herufi 23, na 11 kati yake ni A. Karibu nusu ya ujumbe inaandikwa wazi.

Dawa ni kuhesabu A kuwa 1 na kuendelea hadi Z, ambayo ni 24, yaani sawa na sifuri. Z ni adimu kuliko A, kwa hiyo uvujaji unapungua sana. Ufunguo ule ule unatoa ZFEJOIARJDB. Udhaifu mwingine unabaki: ufunguo unajirudia. Mwaka 1863 Friedrich Kasiski, ofisa wa jeshi la Prussia, alichapisha njia ya kuutumia udhaifu huo. Tafuta vipande vya herufi tatu vilivyotokea zaidi ya mara moja, pima umbali kati yao, na utafute namba inayogawa bila baki sehemu kubwa ya umbali ulioupima. Huo ndio urefu wa ufunguo. Baada ya hapo ni magurudumu ya kawaida, moja kwa kila herufi ya ufunguo. Ukitaka wachezaji waweze, wape angalau herufi 25 kwa kila herufi ya ufunguo. Ufunguo wa herufi saba unadai ujumbe wa herufi 175, na hiyo ni kazi ya saa nzima. Kwa kipindi kimoja cha skuli tumia ufunguo wa herufi tatu.

Mwenziwe katika maisha ni neno la siri lililotolewa kwenye kanga au methali. Urefu wake unadanganya. Maneno ya kanga yako kifuani kwa kila mtu, na yakishaorodheshwa kompyuta huyapitia kwa muda mfupi. Kinacholinda ni bahati nasibu, si busara ya msemo. Wafanyishe hivi: orodha ya maneno 1,296 ya kawaida ya Kiswahili, kila neno limepewa namba ya tarakimu nne kuanzia 1111 hadi 6666, kwa tarakimu za 1 mpaka 6 tu. Rusha dado mara nne upate neno moja. Mara 16 upate maneno manne. Uwezekano unakuwa zaidi ya trilioni 2.8. Neno likitoka baya, usilibadilishe. Ukianza kuchagua, umeshaondoa bahati nasibu.

Bao

Bao lina safu nne za mashimo manane. Kompyuta huhifadhi herufi ya kawaida kwa sehemu nane za ndiyo au hapana. Kwa hiyo ubao mmoja unabeba neno la herufi nne bila kubanwa. Mashimo ya safu, kutoka kushoto, yana thamani 128, 64, 32, 16, 8, 4, 2 na 1. Penye kete pahesabiwe, patupu paachwe. A kubwa ni 65, B ni 66, mpaka Z ambayo ni 90. Hapa Q na X zinahesabiwa, kwa kuwa ni mpango wa kompyuta. Kwa neno SIRI weka kete hivi: safu ya juu mashimo ya 2, 4, 7 na 8, ya pili 2, 5 na 8, ya tatu 2, 4 na 7, ya nne 2, 5 na 8. Kete 13 tu kati ya 64.

Watu watakaa upande usio sahihi, na ubao hauwasaidii, kwani ukiugeuza nyumba (yale mashimo ya pembe nne) nazo zinakaa pale pale. Usiweke mshale. Wafundishe kugundua: herufi kubwa zote huanza na tupu, kete, tupu. Ukikuta safu wima ya kwanza na ya tatu hazina kitu na ya pili imejaa, umekaa vizuri. Ukikuta vingine, zunguka upande wa pili. Nakili mpangilio kwenye karatasi kabla hujaondoka mezani, maana komwe moja ikiguswa na kiwiko herufi inabadilika na hakuna atakayejua.

Wakishasoma SIRI, waulize ufunguo ulikuwa nini. Haukuwapo. Hili ndilo somo la bao: kuandika kwa namna ngeni si kuficha. Ukiona kwenye mpangilio wa programu maandishi kama c2lyaQ==, yenye alama za sawasawa mwishoni, hiyo ni "siri" iliyoandikwa kwa Base64, namna moja ya kompyuta ya kuandika data kwa herufi na tarakimu, na yeyote anaisoma kwa sekunde. Maneno ya siri huachwa hivyo na watu wanaoamini wameyafunga.

Kidokezo cha uongo

Mchezo ukishakolea, tuma karatasi moja isiyo ya kweli: "Mpango umebadilika, majibu mpeni aliyesimama mlangoni." Ni ndugu wa ule ujumbe wa simu unaosema ile hela itume kwenye namba hii. Haujibu swali lolote, unakuja tu wakati mtu ana haraka.

Kinga yake ni herufi ya ukaguzi. Hesabu A kuwa 1 hadi Z kuwa 24. Zidisha kila herufi kwa nafasi yake katika neno, jumlisha, gawanya kwa 23 na uchukue baki. BANDARI: 2+2+42+16+5+102+63 ni 232, baki 2, yaani B. Baki ikiwa 0 andika Z. Bila kuzidisha kwa nafasi, BANDARI na BANDIRA zingetoa jumla moja, 48, na kosa la kupindua herufi lisingeonekana. Tunagawanya kwa 23 badala ya 24 kwa sababu 24 ina wagawanyo wengi: kwenye nafasi ya sita, kosa la herufi nne mbele lingepita salama. Kwa 23 ni A na Z pekee zinazoweza kubadilishana bila kugunduliwa.

Herufi hiyo peke yake inakamata makosa, haimkamati mwongo, kwa sababu mwongo naye anajua kuzidisha. Mwalimu na kikundi wakubaliane namba ya siri kwa kila kidokezo, iongezwe kwenye baki. Namba ikiwa 5, BANDARI inapata 7, yaani G. Namba itumike mara moja tu: aliyeona G na akajua baki ni 2 ameshaipata 5. Kikundi kitakachopeleka majibu mlangoni bila kukagua kisikemewe mbele za watu. Warudishieni karatasi, wakague wenyewe, waendelee.

Kwa watu 20 panga vikundi vitano na dakika 90. Kila fumbo liwe na vidokezo vitatu vilivyofungwa, cha kwanza kifunguliwe dakika ya 6, cha pili ya 10, cha tatu ya 14. Mafumbo ya kutembea, tuseme kutoka Forodhani hadi Darajani, yasitegemee namba zilizoandikwa ukutani, ukarabati huzifuta. Anayetunga asiwe ndiye anayejaribu: mpe mtu mwingine alivunje siku moja kabla. Na mwanzoni kabisa semeni wazi kwamba shabaha ni karatasi na vifaa vilivyoletwa kwa mchezo tu. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inafanya kuingia kwenye mfumo wa mtu bila ruhusa kuwa kosa, hata kwa anayejifunza.

La kujaribu nyumbani ni hili, gurudumu la herufi 24, idadi moja ya hatua kwa ujumbe mzima, nafasi zimeondolewa. Neno la mwisho lina herufi nane, na herufi yake ya ukaguzi, bila namba ya siri, ni M:

BUJUO FJUOZ BFENK DRPEZ